Mchoraji wa Mashua Aliyeondoka Wiki ya Tatu: Kisa cha Residensi ya Wasanii Kisumu

Ripoti ya mwisho ya mradi ilimmaliza kwa sentensi moja: mshiriki mmoja hakukamilisha programu kwa sababu za nidhamu. Mshiriki mwenyewe ni mchoraji wa mashua na mabango mwenye kibanda karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu. Ni mtu aliyevuka miaka arobaini, baba wa watoto watatu, na herufi zake zinatambulika ubavuni mwa mashua kutoka Dunga mpaka Usoma hata kabla hujasoma zimeandika nini. Uchambuzi huu unauliza kama sentensi ile ni ya kweli. Nasema mapema kwamba naona si ya kweli, ingawa kila tukio lililotajwa kuiunga mkono lilitokea.

Kisa nimekiunda kwa ajili ya majadiliano ya waratibu wa miradi ya sanaa na wasanii wenyewe. Watu wake ni wa kutungwa, ndiyo maana hawana majina, na fedha zinazotajwa ni za mfano. Mji, ziwa, sheria na kalenda ya uvuvi ni vya kweli, na hoja yote imesimama juu ya hivyo.

Mazingira

Residensi ni mpango wa kumpa msanii mahali pa kukaa na kufanyia kazi, vifaa na posho kwa muda uliowekwa, ili aweke kando mahangaiko ya kila siku na kuzama katika kazi yake. Kenya si jambo geni. Nairobi ilipata kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mwaka 1965, mikononi mwa Elimo Njau na wenzake. Ikapata vituo vingine, Kuona Trust mwaka 1995, na GoDown mwaka 2003. Msanii wa magharibi aliyetaka kukaa na wenzake wiki kadhaa akifanya kazi bila kufukuzana na kodi, kwa kawaida alipanda basi la usiku. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti shughuli za utamaduni, lakini kuachiwa jukumu ni jambo moja na kutengewa fungu ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo programu hii ilipotangazwa, yenye nyumba ya kukodi kati ya Nyalenda na Dunga, watu walifurahi. Wiki sita, wasanii wanne, wote wa eneo hili. Posho shilingi 30,000 kwa kila mmoja, zikilipwa 5,000 kila mwisho wa wiki. Chakula, rangi, mbao na turubai juu ya mradi. Kila Jumamosi milango wazi kwa watoto na majirani, na mwishoni maonyesho. Masharti hayakuwa mengi: kulala nyumbani hapo, kuwa studio kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na kuiachia programu kazi moja.

Wanne waliochaguliwa walikuwa mchoraji kijana wa kike aliyetoka chuoni karibuni, mchongaji wa mawe ya sabuni kutoka Tabaka, mama mmoja wa Dunga anayesuka vikapu na viti kwa mashina makavu ya gugu maji, na huyu wa mashua. Kamati ya uteuzi inastahili sifa. Ingekuwa rahisi kuchukua wanne waliosomea sanaa, wenye picha nzuri za kazi zao na barua za mapendekezo. Badala yake ilimchukua mtu asiyejiita msanii, aliyejaza fomu kwa kalamu ya wino na kuandika, pale palipoulizwa falsafa ya kazi yake, kwamba kazi yake ni kuhakikisha mwenye mashua anaiona ya kwake kutoka mbali.

Historia ya fani yake inafaa kuelezwa kidogo, maana kamati iliifahamu na mradi ukaisahau. Wachoraji wa mabango wa Kisumu walikuwa wakila kwa matatu, maduka na mashua. Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kufanya kazi, matatu zikatakiwa kuvaa mstari wa njano, na michoro ya kuvutia macho ikafutwa. Wengi walikosa kazi kwa siku moja. Kamba ilipolegezwa muongo mmoja baadaye, vijana wa kompyuta na stika walikuwa wameshakaa kwenye kiti. Madukani nako bango la plastiki la kuchapishwa likaingia, linatoka mashineni kwa saa moja na kwa bei ambayo mtu wa brashi haiwezi. Zikabaki mashua. Stika haikai kwenye mbao inayolowa maji usiku kucha na kukaushwa na jua mchana kutwa. Mashua inataka rangi ya mafuta, undakoti (rangi ya chini inayotangulia), mkono mzuri na mtu anayejua mwenye chombo anataka jina la marehemu mama yake liandikwe kwa herufi za namna gani.

Yaliyotokea

Wiki ya kwanza haikuwa na neno. Mchoraji alipewa mbao tatu za plaiwudi, futi nane kwa nne kila moja, ambazo zikipangwa pamoja zingekuwa ubavu mmoja mrefu wa mashua. Alichora ubao wa kwanza kwa siku nne. Walioingia studio walisimama hapo kuliko pengine pote, mtoto mmoja akauliza mashua yenyewe imezamia wapi.

Siku ya tano yakatokea mabishano madogo, ambayo ripoti haikuyagusa. Kwenye kona ya chini ya ubao mchoraji alikuwa ameandika namba yake ya simu kwa rangi nyekundu, kama anavyofanya kwenye kila mashua.

"Fundi, hii namba inaifanya kazi ionekane tangazo," mratibu alimwambia.

"Madam, hiyo ndiyo sahihi yangu. Jina langu wako nalo wengi Kisumu hii."

Namba ilifunikwa kwa rangi ya bluu. Mratibu aliona amemsaidia, kwamba ameitoa kazi yake barabarani na kuipeleka ukumbini. Tutairudia namba hiyo, kwa sababu kisheria ilikuwa na uzito kuliko wote wawili walivyodhani.

Wiki ya pili, Ijumaa, mchoraji aliondoka jioni bila kuaga na kurudi Jumapili. Jumamosi watoto walikuja wakakuta kiti chake kitupu. Alipoulizwa alisema kulikuwa na matanga upande wa Seme, na familia ilimtaka aandike msalaba. Mtu wa kwetu hahitaji maelezo zaidi. Mazishi ni Ijumaa na Jumamosi, na mwandika herufi wa kijiji anaandika jina, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa kabla jeneza halijashuka, mara nyingi bila malipo. Kukataa ni kujitenga na watu. Mratibu, mwenyeji wa Kakamega, alilijua hilo vizuri kabisa. Hata hivyo kanuni ilisema atakayekosa siku ya milango wazi bila ruhusa apewe barua, naye akaandika barua.

Jumanne ya wiki ya tatu mwenye mashua mmoja alikuja hadi getini. "Omera, chombo changu kiko mchangani tangu Aprili. Mafundi wameshakiziba. Usipokuja kesho nampa yule wa Usoma." Nyuma yake walikuwepo wengine wanne wenye swali lilelile, wakipiga simu badala ya kuja.

Mchoraji aliomba aachiliwe asubuhi, awe ufuoni mpaka saa sita kisha arudi studio hadi usiku. Ombi halikuwa baya, na mratibu hakulikataa. Alisema hana mamlaka ya kubadili saa zilizoandikwa kwenye mkataba wa wafadhili, akaandika barua pepe. Alhamisi jibu lilikuwa bado. Mchoraji alifunga brashi zake kwenye gazeti, akawaaga wenzake watatu kwa mkono, akaenda kazini. Aliacha mbao mbili zilizokamilika, na wa tatu ukiwa na undakoti na mistari ya penseli.

Hesabu yake

Maelezo ya kwanza yaliyosikika kwenye kikao cha tathmini ni kwamba hakuithamini nafasi. Ya pili, yenye huruma zaidi, ni kwamba watu wa kibanda hawajazoea utaratibu wa taasisi. Haya ya pili ndiyo mabaya. Mtu anayeendesha kibanda chake kwa miaka ishirini, anayepokea malipo ya awali na kukabidhi kazi siku aliyoahidi, anafundishwa utaratibu na nani?

Tuangalie fedha. Mwenye mashua analeta rangi yake. Mchoraji anatoza shilingi 2,500 kwa jina, namba na mapambo pande zote mbili. Kazi ikiwa nyingi anamaliza mashua nne kwa wiki, yaani shilingi 10,000. Kazi ikipungua hupata moja, pengine hapati. Posho ya 5,000 kwa wiki, pamoja na chakula, ni mara mbili ya pato lake katika miezi mibaya, na ni nusu yake katika miezi mizuri. Posho ileile, mtu yuleyule. Neema au hasara ilitegemea mwezi, na mwezi uliochaguliwa ulikuwa Mei.

Nusu hiyo iliyokosekana haiishii hapo. Kodi ya kibanda iliendelea kudaiwa. Muhula wa pili wa shule ulikuwa umefunguliwa. Kijana anayejifunza kwake anaweza kupaka undakoti na kulinda vifaa, lakini wateja hawamwamini na herufi, na wana haki, maana jina likipinda litakaa limepinda mwaka mzima. Zaidi ya yote, mwenye mashua akienda kwa yule wa Usoma mwaka huu, hana sababu ya kurudi mwakani. Kilichokuwa hatarini kilizidi shilingi elfu thelathini za tofauti, kwa sababu kila mteja aliyepotea Mei alikuwa na Mei nyingine nyuma yake.

Mratibu alilalamika, na hapa ninamwelewa, kwamba mchoraji hakusema haya wakati wa usaili. Ni kweli hakusema. Lakini fomu iliuliza kuhusu maonyesho aliyoshiriki, tuzo alizopata, na sanaa inayomgusa. Hakuna mahali ilipouliza kazi yake huwa nyingi mwezi gani. Mtu anayeomba nafasi haanzi kwa kutaja sababu za kunyimwa.

Kwa nini wengine watatu walibaki

Swali hili liliulizwa kwa nia ya kumkosoa aliyeondoka, na majibu yake yanamtetea.

Mchoraji kijana alikuwa anaishi kwa shangazi yake Manyatta. Hakuwa na duka, mtoto wala mteja wa kudumu. Kwake wiki sita za chumba chake mwenyewe, mwanga mzuri na 5,000 mkononi zilikuwa mapumziko kamili, hivyohivyo walivyokusudia waliobuni residensi huko zilikoanzia. Mpango ulimtosha kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake.

Mchongaji wa Tabaka hakupoteza soko hata siku moja. Biashara ya mawe huko Kisii imegawanyika: kuna wachimbaji, wachongaji, na wale wanaosugua kwa msasa, kupaka rangi na kung'arisha, wengi wao wanawake wa familia. Yeye alipokuwa Kisumu, kaka zake waliendelea kujaza oda za sanamu za viboko na bakuli za madukani. Tena kwao kijijini wazo la mchongaji kuondoka na kurudi na jina si geni. Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, ana sanamu yake ya ndege wa amani makao makuu ya UNESCO mjini Paris, na kila kijana anayeshika patasi amelisikia hilo.

Mama wa gugu maji ndiye anayefunua jambo. Mmea huo ulionekana Ziwa Victoria karibu na mwaka 1990, ukaziba fukwe na kuharibu nyavu, na akina mama wa Dunga ni miongoni mwa waliojifunza kuukausha na kuusuka. Ni kazi ya kikundi. Siku ya kwanza alisema wazi kwamba hatalala pale, ana mtoto mchanga, na kwamba saa tatu asubuhi lazima awe ufuoni kugeuza mashina yaliyoanikwa kabla mvua haijaja. Akaruhusiwa papo hapo, kwa mdomo, bila barua pepe kwenda popote.

Kumbe saa zilikuwa zinabadilika. Mama mwenye mtoto alionekana ana sababu. Mwanamume mwenye kibanda alionekana ana visingizio. Simlaumu mama yule, aliomba kilicho haki yake. Ninachosema ni kwamba mratibu alikuwa na mamlaka aliyodai hana, na aliyatumia pale ambapo hitaji lilifanana na lile analolitambua moyoni. Shughuli ya mtu wa kibanda ina ratiba ngumu kama ya mtoto anayenyonya, ila haina anayeionea huruma.

Na hilo la kulala. Nyumba ya mchoraji iko Nyalenda, mwendo wa bodaboda wa dakika chache. Sharti la kulala studio lina maana kwa msanii aliyetoka Nairobi au Kampala. Kwa mtu aliyeko mjini kwake, ni kumlaza ugenini mtaa wa pili, mbali na mkewe, kwa faida ambayo hakuna aliyeweza kunitajia.

Mwezi wa tano

Hapa ndipo kiini kilipo. Kila mwaka uvuvi wa omena, yaani dagaa, upande wa Kenya wa ziwa hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, ili samaki wapate kuzaliana. Uvuvi wa mbuta (sangara) na ngege (sato) unaendelea, lakini mashua za omena, zile zinazotoka usiku wa giza na taa zao, hupandishwa mchangani. Miezi hiyo minne ndiyo wenye vyombo wengi hupata nafasi ya kubadilisha mbao zilizooza, kuziba mianya na kupaka rangi. Mvua za masika zikianza kupungua, mwezi Mei na Juni, mbao hukauka vizuri na rangi hushika. Ukitaka kumtafuta mchoraji wa mashua wakati ana shughuli nyingi kuliko wakati wowote wa mwaka, basi mtafute mwanzoni mwa Mei mpaka katikati ya Juni. Hizo ndizo wiki sita zilizochaguliwa.

Zilichaguliwaje? Hakuna aliyekusudia ubaya. Mwaka wa fedha wa wafadhili, kama ule wa serikali, uliisha tarehe 30 Juni. Fedha ziliingia mwishoni mwa Februari. Machi ikaenda kwa kutafuta nyumba, Aprili kwa usaili. Kilichobaki kilikuwa Mei na Juni, na risiti zote zilipaswa kuwa mezani kabla ya Julai. Kalenda ya mkaguzi wa hesabu ikakutana na kalenda ya omena, na kwa kuwa ya kwanza iliandikwa kwenye karatasi na ya pili imeandikwa ufuoni, ya kwanza ikashinda bila hata kujua kulikuwa na mashindano.

Mtu anaweza kusema mratibu hakuwa na la kufanya. Alikuwa nalo. Barua ya kuomba kusogeza muda wa matumizi ni ya ukurasa mmoja, na wafadhili huipokea mara nyingi kuliko wanavyokiri. Ingeandikwa Machi ingejibiwa kufikia Aprili. Na hata bila barua hiyo, kulikuwa na njia ya pili, rahisi zaidi: kuufanya ufuo kuwa studio yake. Angepaka mashua za wateja wake asubuhi, watoto wa Jumamosi wangepelekwa kumwona akifanya kazi halisi, na mbao tatu angezichora jioni. Programu ilijiita ya jamii. Jamii ilikuwa imejipanga foleni mchangani ikimsubiri.

Mbao tatu

Baada ya kuondoka kwake maonyesho yalikuwa yamekaribia. Mratibu alimwomba mchoraji kijana amalizie ubao wa tatu kwa kufuata penseli iliyokuwepo. Alimalizia, vizuri tu, ingawa jicho lililozoea linaona herufi zake hazina ule mkia unaopanda juu. Mbao tatu zikatundikwa pamoja. Kadi iliyokuwa chini yake ilisema kazi ya pamoja ya residensi. Desemba, picha ya mbao hizo ikatokea kwenye kalenda ya ukutani ya mmoja wa wafadhili wadogo. Mchoraji aliiona hotelini akila ngege, juu ya kaunta.

Alipolalamika alionyeshwa mkataba: kila msanii ataiachia programu kazi moja. Wakamwambia ameiacha, tena ameziacha tatu.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasemaje? Kwanza, kumiliki kitu si kumiliki haki ya kukinakili. Ukinunua picha unaweza kuitundika, kuiuza au kumpa mkweo. Huwezi kuichapisha kwenye kalenda elfu kwa sababu tu iko ukutani kwako. Kuhamisha hakimiliki kunataka maandishi yanayosema hivyo. Kifungu cha kuacha kazi moja hakikutaja hakimiliki.

Pili, kuna mtego ambao wasanii wengi hawaujui. Kifungu cha 31 kinasema kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wa msanii huhesabiwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wamekubaliana vinginevyo. Wakili wa programu angeweza kudai kwamba mbao, rangi na posho ni agizo. Upande wa pili ungejibu kwamba hakuna aliyemwagiza achore mashua. Alipewa muda na vifaa, akachagua mwenyewe la kuchora, na residensi kwa tafsiri yake ni kutoagiza. Nadhani hoja ya pili ina nguvu zaidi. Lakini fundi hapaswi kwenda mahakamani kutafuta jambo ambalo mstari mmoja wa mkataba ungelimaliza: hakimiliki ya kazi zote inabaki kwa msanii, programu inaruhusiwa kuonyesha picha zake katika ripoti na maonyesho yake tu.

Tatu, na hapa hakuna mjadala, hata hakimiliki ikihama, msanii anabaki na haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyefanya kazi, na haki ya kupinga kazi yake ibadilishwe kwa namna inayomvunjia heshima. Kifungu cha 32. Kuhusu ubao uliomaliziwa na mkono mwingine watu wanaweza kubishana kama heshima ilivunjwa. Kuhusu jina hakuna ubishi. Kadi haikumtaja, kalenda haikumtaja. Na ile namba nyekundu ya simu, ambayo ingemtaja yenyewe popote picha ilipokwenda, ilikuwa chini ya rangi ya bluu tangu wiki ya kwanza. Kama ingeachwa, kila aliyetundika kalenda ile angejua wa kumpigia.

Msomaji mwenye shughuli na sanaa ajue pia kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliwapa wasanii wa sanaa za mikono asilimia 5 ya bei kazi yao inapouzwa tena kibiashara. Kwa kisa hiki haikuhusu, mbao hazikuuzwa. Ila haki hiyo haina maana kwa mtu ambaye jina lake halipo kwenye kazi: nani atajua alipwe nani?

Kikao

Suala lilimalizwa Januari, chini ya banda la kamati ya ufuo, si ofisini. Mchoraji ndiye aliyechagua mahali. Alikuja na wenye mashua wawili na mzee mmoja wa kamati. Mratibu alikuja na mchoraji kijana. Mazungumzo yalianza vibaya, kila upande ukisoma barua zake, mpaka mzee aliponyoosha mkono.

"Nyinyi mlimchukua mvuvi siku ya samaki," alisema.

Mratibu alimgeukia. "Jaduong', fedha zilikuwa zinaisha Juni."

"Sasa fedha zimeisha na yeye hayupo kwenye karatasi."

Walikubaliana mambo kadhaa. Sentensi ya nidhamu iliondolewa kwenye ripoti, na mahali pake pakaandikwa kwamba ratiba ya programu iligongana na msimu wa kazi wa mshiriki. Posho ya wiki aliyofanya nusu alilipwa yote. Aliyechapisha kalenda alikubali kulipa ada ya matumizi ya picha na kutaja jina la mchoraji kwenye toleo lolote litakalofuata. Ada ilikuwa ndogo, lakini mchoraji alitaka iandikwe kuwa ni ada, isiitwe shukrani. Mbao mbili za kwanza zilirudi kwake. Ile namba aliiandika upya juu ya bluu papo hapo, kwa brashi aliyokuja nayo.

Ubao wa tatu ulileta ubishi ambao haujaisha. Mchoro ni wake, rangi ni ya kijana. Sheria inatambua kazi ya waandishi wawili ambayo mchango wa mmoja hauwezi kutenganishwa na wa mwingine, lakini inadhani wawili hao walifanya kazi pamoja kwa hiari, na hawa hawakuwahi kuulizwa. Mchoraji alisema auchukue kijana, ni zoezi zuri kwake. Kijana alikataa, akasema hawezi kuuonyesha popote kama wa kwake. Ubao uko stoo ya programu, umeegemezwa ukutani uso ukiangalia nyuma.

Kwa raundi iliyofuata fomu iliongezewa swali la miezi ya kazi nyingi, na sharti la kulala likafanywa la hiari kwa wakazi wa Kisumu. Tarehe ikasogezwa hadi Agosti na Septemba, wakati mashua za omena zimerudi majini na mtu wa brashi anakaa kibandani akicheza ajua, yaani bao. Wafadhili walikubali kwa mwaka mmoja tu, wakiahidi kuangalia tena baada ya kusoma hesabu. Mchoraji hajaomba tena. Kijana wake wa kibandani ameomba, na kwenye swali la miezi ameandika: muulizeni bosi wangu.